Faili Halina Miguu

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu Nadhifu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpe mkazamjomba, na ya tatu mpelekee mama. Mwambie goti likimuuma apumzike, cherehani haina pa kukimbilia.

Nimefika salama. Safari ilichukua siku mbili na nusu, na begi langu likachukua tatu na nusu. Nadhani lilipata rafiki njiani. Najua utacheka kuona mwalimu wa kompyuta anaandika kwa kalamu. Mtandao wa huku huja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kulala, halafu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba maneno ya simu hayana kopi. Basi kopi yako ni hii.

Shirika limenileta pembezoni mwa mji, kwenye safu za nyumba zilizojengwa na kiwanda cha matofali. Kiwanda kilifungwa miaka tisa iliyopita. Mitambo ikauzwa, wafanyakazi wakaachiwa nyumba. Darasa langu ni ile iliyokuwa zahanati ya kiwanda: chumba kimoja, kompyuta sita, wanafunzi kumi na wanne, na mizani ya kupimia watoto ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kila asubuhi nazipindua kibodi na kuzigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote wanamwita Mzee wa Tanuri. Alichoma matofali miaka ishirini na sita. Kidole chake kimoja kinabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Jana alikiweka kipanya chini akasema, "Mwalimu, mimi nimeshika moto. Leo nishindwe na hiki?" Yuko pia Mama Pacha, anafagia soko alfajiri na saa nne yupo darasani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nikikosea, inafutika?" Nikamwambia inafutika. "Basi hii ni bora kuliko dunia," akasema, akavuta kiti.

Nimewafundisha kama ulivyonifundisha wewe, kwamba barua ina kichwa, tumbo na miguu. Nikawaambia, "Mjomba wangu alikaa masjala miaka thelathini na moja akitunza mafaili ya watu, na hakupoteza karatasi hata moja." Walikupigia makofi, mjomba. Ungeyasikia!

Mpwa wako,
Kiherehere


Tarehe 1 Machi

Kwa mpwa wangu Kiherehere,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu kwenye bahasha, lakini maandishi yote yako salama na nimeyasoma kwa sauti mara mbili, kwa sababu mama yako alisema mara ya kwanza nilikuwa naruka mistari. Sikuruka. Nilikuwa natafuta miwani.

Hapa sote wazima. Mkazamjomba wako amepanda mchicha hadi kwenye beseni lililotoboka, sasa tunaogea ndoo. Goti la mama yako limepata dawa ya kupaka yenye harufu inayotangulia mgonjwa. Ukiisikia kona ile, ujue dada yangu anakuja. Anakuombea kila siku, na kila siku anauliza kama unakula.

Kuhusu kazi yako: usiwaharakishe watu wazima. Mtu mzima akishindwa mbele za watu haji tena, hata kama alitaka sana. Mpe kila mmoja kitu cha kuandika kinachomhusu. Sisi tulipoanza kazi tulijifunza taipu kwa kunakili sheria za maghala. Hadi leo sizikumbuki, na ghala sijawahi kuwa nalo.

Yale makofi yasirudiwe. Usinisifu mbele za watu wasionijua. Kazi ni kazi.

Mjomba wako


Tarehe 26 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na poleni na beseni. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya vumbi. Naishi kwa mshonaji wa mapazia, chumba cha nyuma. Ukuta ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya ananijibu "pole" bila kuacha kushona. Mwambie mama nakula.

Niliufuata ushauri wako. Nikawaambia kila mmoja aandike jambo linalomhusu, lolote. Nilitegemea waandike kuhusu watoto, au magonjwa. Mjomba, watu kumi na wanne waliandika jambo moja.

Kiwanda kilipofungwa waliahidiwa hati za nyumba wanazoishi. Kila nyumba ilifunguliwa faili kwenye ofisi ya mji; nyumba arobaini na moja, mafaili arobaini na moja. Mpaka leo hakuna aliyepata hati. Wakienda wanaambiwa faili halionekani. Si la mmoja wala wawili. Yote. Mama Pacha aliandika hivi, namnakili na makosa yake: "Mimi nakaa nyumba namba kumi nasaba. Mume wangu alikufia humu. Nataka karatasi inayosema nakaa ninapokaa."

Tumezisahihisha zile barua, tumezichapa kwa printa yenye wino hafifu, tukazipeleka. Jibu lilikuwa lilelile.

Sasa nakuuliza wewe fundi wa mambo haya: faili hupoteaje? Na likipotea hutafutwaje? Niandikie kila unachojua. Darasa zima linasubiri barua yako kuliko wanavyonisubiri mimi.

Kiherehere wako


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imenyesha siku sita mfululizo na paa la jikoni limeanza kusema. Nimepanda mwenyewe na bati na misumari. Mkazamjomba wako alishika ngazi huku akinisomea orodha ya wanaume wa rika langu waliokufa kwa kuanguka. Paa limenyamaza. Mama yako ameshona sare za kwaya nzima, na mmoja wa waimbaji amenenepa kati ya kupimwa na kujaribisha, sasa ni ugomvi mkubwa. Jirani wetu mwenye jogoo amehama. Tunalala mpaka saa moja.

Ulikuwa umeuliza habari za mafaili. Mafaili huliwa na panya. Kuna mchwa, kuna mvua, kuna makarani wageni wasiojua kupanga. Mambo ni mengi. Wewe umeenda kufundisha kompyuta, fundisha kompyuta. Mpishi wa jirani hukaribishwa kuonja, hakaribishwi kukoroga. Ukiwa ugenini ukijitia kwenye shauri za wenyeji, utaondoka wewe, watabaki wao na waliowakasirisha.

Kula vizuri, na funika kibodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Mjomba wako


Tarehe 11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia la paa na la jogoo.

Barua yako niliifungua mbele ya darasa, kwa kuwa ndivyo walivyotaka. Nilipofika kwenye panya nikasoma polepole, nikidhani kuna kitu kinakuja baada yake. Mzee wa Tanuri akasema, "Hivyo tu?" Nikamjibu labda ulikuwa na haraka.

Mjomba, hukuwa na haraka. Uliandika kurasa mbili.

Jumatano iliyopita nilikwenda nao ofisini kujionea. Ni ghorofa ya pili, ngazi zimelika katikati, benchi moja, na dirisha dogo ambalo karani hulifunga kwa kipande cha kadibodi akienda kula. Karani mwenyewe kijana, mpole ajabu. Alisimama kumpa Mama Pacha kiti chake. Akaenda ndani, akakaa dakika kumi, akarudi na sura ya kusikitika. "Bado, mama. Njoo wiki ijayo." Na Mama Pacha alimshukuru! Njiani nikamuuliza anamshukuru nini. Akasema, "Mwanangu, katika ofisi nzima huyu peke yake ananiona ni mtu."

Kuna jambo jipya. Nyumba zote zimepigwa alama ya rangi nyekundu mlangoni. Asiyekuwa na hati hadi mwisho wa Septemba anaondolewa, kunajengwa maghala. Mratibu wetu amenionya nibaki kwenye kompyuta, kwa maneno ambayo ungedhani umemwandikia wewe.

Nakuuliza tena, kama mtoto wako. Faili hupoteaje?

Kiherehere


Tarehe 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba sijapata barua yako. Nilipanda kilimani hadi simu ikashika, nikampata mama. Anasema hamjambo ila wewe hukai barazani siku hizi, na mkazamjomba akikuuliza unasema macho.

Kama nilikuandikia bila adabu, nisamehe. Nilikuwa na hasira na jambo lisilokuhusu, nikakurushia wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekujua.

Mzee wa Tanuri ameacha darasa. Anasema hawezi kujifunza kuhifadhi kazi kwenye kompyuta wakati yeye mwenyewe hana pa kuhifadhiwa.

Mpwa wako


Tarehe 17 Julai

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Leo sina habari za paa.

Hukunikosea adabu. Uliniuliza swali ambalo nimelikimbia miaka ishirini na minne, na ulikuja nalo mara mbili.

Faili halipotei, mwanangu. Faili halina miguu. Linapotezwa, na anayelipoteza anajua lilipo.

Mimi nilipoteza moja. Nilikuwa na miaka minane kazini. Kulikuwa na seremala aliyegawiwa kiwanja nyuma ya karakana ya magari. Akafariki kabla ya kuchukua hati yake, akabaki mjane na mtoto mdogo. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa na shemeji anayekitaka kile kiwanja. Siku moja akaingia masjala, akafunga mlango kwa kisigino, akaniwekea faili mezani. "Hili lipumzike," akasema. Hakusema lichomwe, hakusema lichanwe. Lipumzike. Nami nikalifunga kamba, nikalipumzisha kwenye rafu ya leseni za baiskeli, zilizofutwa zamani hata makarani wapya hawakujua ni nini.

Yule mama alikuja kila Jumatatu kwa miaka miwili na miezi minne. Nilikuwa nampa kiti. Naingia ndani, nasimama mbele ya rafu ya baiskeli nikihesabu hadi mia mbili, natoka na uso wa huzuni. "Bado, mama. Wiki ijayo." Mtoto alianza kuja akiwa mgongoni, mwisho akawa anapanda ngazi mwenyewe. Siku ya mwisho mama alikuja kuniaga, akaniomba radhi kwa kunisumbua muda wote ule. Alinishukuru, Kiherehere. Akasema mimi peke yangu nilimwona ni mtu.

Sasa unajua kwa nini barua yako ya Mei nilishindwa kuijibu. Niliisoma nikidhani mtu amekusimulia.

Sikupokea hata senti. Watu hudhani lazima iwepo bahasha. Mwezi uliofuata nilihamishiwa chumba chenye dirisha, basi. Nilikaa kwenye dirisha lile hadi nilipostaafu, mkanisifu kwa unadhifu. Jana usiku nimemwambia mkazamjomba wako. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda kwa mama yako, akarudi mchana wa leo. Hatujazungumza bado, lakini ameniwekea chakula.

Sasa shika kalamu. Msiulize tena faili liko wapi, mtaambiwa halionekani hadi mzeeke. Ulizeni nani alilichukua mwisho. Kila masjala ina daftari la kutolea mafaili, jalada gumu, mistari mirefu: namba, tarehe, jina, sahihi. Faili haliondoki kwenye rafu bila sahihi, na hata mwizi husaini, maana asiposaini kosa linamwangukia karani. Angalieni namba zenu. Kama zinafuatana na zote hazipo, mwambieni huyo kijana kwamba panya hajui kuhesabu. Nilikudanganya kuhusu panya.

Na tumia kompyuta zako. Andikeni kila safari mliyokwenda: tarehe, jina, aliyewahudumia, alichosema. Ofisi haiogopi mtu anayelia. Inaogopa mtu mwenye tarehe.

Mjomba wako


Tarehe 16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Imenichukua muda kuliandika neno hilo leo, lakini nimeliandika.

Nilisoma barua yako nusu nikaiweka chini ya godoro siku tatu. Nilikuwa namwona yule mama kwenye ngazi, kisha nakuona wewe unanishika mkono unanifundisha kuandika "Yah". Sikuweza kuwaweka chumba kimoja. Siku ya nne nikaimalizia, kwa sababu siku za nyumba zilikuwa zinakwisha.

Tulitengeneza jedwali. Mjomba, ungekuwepo! Kwa miezi mitano nilihangaika kuwafundisha safu na mistari, wakawa wanasinzia. Siku hiyo hakuna aliyetoka hata kunywa maji. Mama Pacha anakumbuka tarehe kwa maradhi ya mapacha: "Hiyo ilikuwa wiki ya surua, andika Machi." Mzee wa Tanuri alirudi, akakaa, akaanza kuingiza safari zake kwa kidole kimoja, herufi mbilimbili, na hakukubali kusaidiwa. Tulipomaliza zilikuwa safari mia moja sitini na tatu. Printa ilikataa ukurasa wa sita, tukaibembeleza.

Jumatano tukaenda wote. Benchi halikutosha, wakasimama hadi kwenye ngazi. Karani akasimama kumpa Mama Pacha kiti. Hakukaa.

"Leo sijaja kuuliza faili," akasema. "Nataka daftari."

"Daftari lipi, mama?"

"La kutolea mafaili. Lile la jalada gumu."

Kijana akaniangalia mimi, kama anayetaka kujua nani amesema siri ya nyumba. Akasema mkuu wake hayupo. Mama Pacha akamwekea lile jedwali mbele yake, akamwonyesha jina lake yule kijana limeandikwa mara themanini na tisa. Akalisoma. Alilisoma lote, mjomba, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaingia ndani, na safari hii hakukaa dakika kumi. Alirudi na daftari. Mafaili arobaini na moja, siku moja, sahihi moja, ya mkuu wake.

"Yako stoo," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya mapazia ya zamani ya ukumbi. Niliambiwa nisiyaguse."

Yamepatikana thelathini na nane. Matatu hayapo, na mojawapo ni la Mzee wa Tanuri. Ubomoaji umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Sijui yule kijana watamfanya nini. Ameoa mwaka huu. Kama nisingepata barua yako ningemchukia kabisa, na ingekuwa rahisi zaidi.

Wanafunzi wanataka kumjua mtu aliyetupa akili ile. Nimesema ni mtu aliyewahi kufanya kazi masjala; baada ya ile barua ya panya hakuna aliyedhani ni wewe. Ile sifa yako ya karatasi sitaisema tena.

Hujaniomba msamaha, na ninashukuru, maana si wangu kuutoa. Lakini naomba unijibu hili: yule mama yuko wapi?

Mpwa wako


Tarehe 8 Oktoba

Kwa mpwa wangu Kiherehere,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti limepoa. Mkazamjomba wako ameanza kunisemesha, kwanza kuhusu mchicha, sasa kuhusu mambo mengine pia.

Uliuliza, nikatoka kumtafuta. Siku tatu nilizunguka karakana za mbao nikiulizia seremala aliyekufa zamani, hadi mmoja mwenye sikio bovu akamkumbuka. Yule mama anakaa kwa binti yake, chumba cha uani. Yule mtoto wa kwenye ngazi sasa anasuka nywele za watu na ana watoto wawili.

Kabla ya kwenda kwake nilianzia ofisini. Mkuu wa masjala siku hizi ni mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe. Rafu ya baiskeli ilihamishiwa chumba cha chini, haijaguswa. Faili lilikuwa palepale, na fundo la kamba ni langu. Mkubwa wangu amekufa miaka mingi. Njia nzima nilitamani angekuwa hai nipate wa kugawana naye.

Mama alinitambua kabla sijasema jina. "Karani mpole," akasema, akaagiza niletewe kiti. Sikukaa. Nikamwambia yote, na baiskeli, na kuhesabu hadi mia mbili. Binti aliacha kusuka, kichwa cha mteja nusu. Mama akaniuliza, "Jumatatu zangu utanirudishia?"

Binti akanifungulia mlango nitoke.

Jumatatu iliyofuata nilirudi. Hawakunifungulia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa hapo nje hadi adhuhuri, wateja wakinipita. Jumatatu ya pili vilevile. Binti alitoka mara moja, akaichukua ndoo yake, nikabaki nimesimama. Jumatatu ya tatu mama mwenyewe alitoka amevaa viatu. "Twende huko kwenu," akasema.

Kwenye ngazi za ofisi nilimpa mkono. Hakuupokea, alishika ukuta. Nilikuwa na maelezo yangu ya kurasa nne, kwa mwandiko wangu, yenye jina langu na la marehemu mkubwa wangu. Yule mwanafunzi wangu aliyasoma akanivuta pembeni. "Mzee, una hakika? Nikishayapokea haya siwezi kuyarudisha. Kiwanja kina jengo la watu. Wanaweza kukushitaki."

Nikamtazama mama. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anasoma tangazo la ukutani, mstari kwa mstari, kama mtu aliyekwisha kuzoea kusubiri mahali hapo.

"Yapokee," nikasema.

Shauri litasikilizwa tarehe 24 Novemba. Naogopa, sitakuficha. Huenda wakampa kiwanja kingine, huenda wasimpe kitu. Huenda pensheni yangu ikaondoka. Mkazamjomba wako anasema tulikula kabla ya pensheni.

Mjomba wako


Tarehe 2 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, kwa moyo wote.

Muda wangu wa kujitolea unakwisha. Darasa nimemkabidhi Mama Pacha; saa nne anatoka sokoni, anaweka ufagio nyuma ya mlango na kuwasha kompyuta zote sita kabla ya kuvua kilemba. Hati za kwanza kumi na mbili zimetoka, na ya nyumba namba kumi na saba imo. Alinionyesha jina lake, akanionyesha tena, akaiweka ndani ya nguo. Mzee wa Tanuri amefunguliwa faili jipya. Ni mbali bado, lakini barua ya maombi aliichapa mwenyewe, na alipoifunga akageuka akaniambia, "Nimehifadhi."

Jana nilisimama mbele yao nikawaambia ni nani aliyetupa akili ya daftari, na aliipata wapi. Nilidhani watanikasirikia. Mama Pacha alifikiri, akauliza, "Na amekwenda kwa huyo mwanamke?" Nikasema amekwenda. "Hapo sawa," akasema, tukaendelea na somo.

Nitafika nyumbani tarehe 20. Mwambie mama asiniandalie chochote, najua hatasikia.

Siku ya shauri nitakuja. Nitakaa benchi la yule mama, mjomba, si lako. Nimelifikiria sana na najua utanielewa. Ukishamaliza kusema, nitakusubiri mlangoni turudi nyumbani pamoja.

Kiherehere wako